Jogoo Mwenye Uzi Mguuni

Juzi nilikuwa kituo cha basi pale Perry Barr, Birmingham, manyunyu yananilowesha taratibu, akapita mama mmoja amebeba mfuko wa chakula cha kuku begani. Mfuko ulikuwa umetoboka pembeni na mvua imeingia. Harufu ile ya pumba iliyolowa ilinipata sawasawa, na mimi, mtu mzima mwenye kazi na ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe, nikageuka haraka kutazama mlango wa duka lililokuwa nyuma yangu nione nani anaingia. Hakuingia mtu. Basi langu likaja, nikaliacha liende, nikakaa kwenye kile kibenchi chembamba walichokitengeneza makusudi mtu asikae.

Mlango unahusianaje na chakula cha kuku, wenzangu mliolelewa na bibi mtakuwa mmeshajua. Kwetu jogoo akiwika mchana kweupe amesimama mlangoni, uso wake ndani, basi mgeni yuko njiani. Kwetu nasema kambini, Kigoma, maana ndiko nilikozaliwa. Kongo mama aliikimbia nikiwa tumboni. Na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa na utaratibu wake juu ya hilo. Akisikia kuna mtu wa kuja, hata kama ni baada ya nusu mwaka, alichagua jogoo mmoja mchanga bandani akamfunga uzi mwekundu mguuni, mizunguko saba, fundo kwa ndani. Kuanzia hapo yule ni wa mgeni. Tule maharage mpaka tuyachukie, haguswi. Mgeni akichelewa, jogoo anangoja. Nakumbuka mmoja alimngoja mjomba wa mama mpaka akanenepa, akawa anatembea kama mchungaji anayeelekea madhabahuni, na sisi tunamtazama tu huku tunameza mate. Siku alipowika mlangoni, Koko alishika ufagio akafagia uwanja, na jioni mjomba akatokea na begi lake. Niliyaona kwa macho yangu haya. Usiniambie habari ya bahati.

Tulikuja Birmingham wawili, mama na mimi. Koko alibaki kwa sababu ya kifua. Walisema atibiwe kwanza, kisha faili lake litafuata. Nilikuwa na miaka tisa na sikujua faili ni kitu gani. Nilidhani ni mtu wa ofisini anayetembea na wazee akiwashika mkono, na kila nikimwona mwanamume mwenye koti refu na mkoba nilijiuliza kama ndiye. Uwanja wa ndege tulipokewa na wamama wa kanisa, Wakongo wenzetu wa Perry Barr, siku hizo Perry Barr haijabomolewa kwa ajili ya yale mashindano ya michezo. Walitukumbatia wakalia, wakatupeleka kwenye nyumba tuliyopewa Great Barr, haina hata kitanda, wakaingia na masufuria na magodoro, wakapika sombe, yaani kisamvu, wakalala nasi siku mbili chini sebuleni. Kisha wakaenda zao, kila mtu ana shughuli zake, na nyumba ikanyamaza.

Ukimya ule sijui niuelezeje. Kambini hata usingizini unasikia watu, mtoto wa jirani analia, mtu anakohoa, redio ya mtu inaishiwa betri. Great Barr kulikuwa na mvumo mmoja tu wa magari ya barabara kuu nyuma ya ukuta, usiku na mchana, haupandi haushuki. Mama alipata kazi Hockley ya kufagia karakana za masonara. Alitoka asubuhi giza na kurudi jioni giza. Aliniambia kule vumbi halitupwi; linakusanywa kwenye ndoo na kupimwa kwa sababu lina dhahabu ndani, na hata ufagio unakung'utwa kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa na ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Shuleni sikuwa nasema kitu. Si kwamba sikujua Kiingereza kabisa, kukisoma niliweza, ila kila neno nililolitayarisha lilikuwa limeshapitwa na wakati kabla sijafungua mdomo. Mwalimu alinipa picha nipake rangi. Nilipaka rangi mpaka nikachukia penseli. Saa tisa na nusu nilikuwa nyumbani, nafungua mlango, nasema hodi kwa sauti, halafu najijibu karibu. Nacheka sasa nikikumbuka, lakini wakati ule haikuwa mchezo.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na safu ya magereji mabovu na kinjia kilichoishia kwenye ukuta wa barabara kuu, kimejaa miiba na magodoro yaliyotupwa. Siku moja ya baridi kali, majani yote yamekuwa meupe kwa barafu na yanalia chini ya viatu, niliona boksi la ndizi limepinduka, na juu ya miiba, wamejikunyata, majogoo wanne. Wachanga, vikwaru vya miguuni ndiyo kwanza vinachomoza. Hawakukimbia. Walinitazama kwa jicho moja moja kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao.

Baadaye niliambiwa ilikuwaje. Watu hununua mayai ya kuangua ili watoto waone vifaranga, matetea wanabaki bustanini, na madume wakianza kujaribu sauti majirani wanalalamika, basi mtu anawatia kwenye boksi, anawaacha mahali pasipo na nyumba, anarudi kunywa chai. Wakati ule jambo kama hilo lisingeniingia akilini hata unipige. Mtu amtupe jogoo? Kambini jogoo asiye na mwenyewe hakuwahi kuiona jioni. Kwa hiyo nilielewa nilivyoelewa. Koko anakuja, sisi hatuna kuku, na mgeni hapokewi mikono mitupu. Majogoo wametumwa.

Namna ya kuwakamata nilikuwa nayo. Koko alinifundisha kwamba kuku mchana ni mwizi, lakini giza likiingia anakuwa mpole kabisa. Unamchuma tu kama unavyochuma papai. Na giza la huko majira ya baridi, kama mnavyojua, linaingia saa kumi jioni. Nilirudi na koti la shule, nikajikwaruza miiba mikono yote miwili, nikawachukua wawili na kuwafungia kwenye stoo ya matofali nyuma ya nyumba. Koti halikutosha kuwabeba wote, nikawaambia wale wawili wengine wangoje kesho. Kesho yake mmoja nilimkuta chini, mgumu kama kiatu kilichoanikwa, na wa pili ilikuwa ni manyoya tu juu ya barafu na nyayo za mbweha. Nilijilaumu sana. Ningeenda mara mbili. Ilikuwa hatua mia mbili tu, na sikwenda mara ya pili kwa sababu niliogopa kukosa katuni. Hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Mama hakujua. Taa ya stoo ilikuwa imekufa, na yeye mchana wa nyumba ile aliuona Jumapili tu, nasi Jumapili tulikuwa kanisani. Niliwalisha ugali uliobaki, wali, maganda ya mkate wa shuleni niliyoficha mfukoni. Vilemba vyao vilianza kubadilika rangi, ncha zikawa nyeusi kwa baridi, na mimi dawa ya baridi niliyoijua ni moja. Kila asubuhi mama alinishika kidevu akanipaka mafuta ya mgando uso mzima mpaka nang'aa kama sufuria jipya, hata shuleni wananicheka. Nikafanya vivyo hivyo. Nilimweka jogoo mapajani, nikamshika kidevu, nikampaka kilembani, kwenye ndevu, na vidole vya miguu, huku nikimwambia maneno ya mama, tulia, hukumbuki baridi ya jana usiku? Juzijuzi nilimsikia mfugaji mmoja akieleza kwamba ndivyo wanavyofanya wanaojua. Mimi sikujua chochote. Nilimfanyia nilichofanyiwa.

Ikaja theluji ile kubwa iliyofunga shule, na mmoja wao akafa. Sikuweza kumzika, ardhi ilikataa koleo, ikakataa kijiko, ikakataa kisigino. Nilimfunga kwenye gazeti nikamtia pipa la taka na kuweka mifuko juu yake, nikaingia ndani nikaketi kwenye ngazi. Nilikuwa sina wa kumwambia. Ndiyo siku nilipojua kwamba mtu anaweza kulia mpaka akachoka, akanyamaza, na bado asitokee wa kumuuliza kuna nini. Akabaki mmoja, mwekundu wa matofali, mkia wa kijani, kidole kimoja cha mguu kimekufa. Sikumpa jina. Wa mgeni hapewi jina.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Hodan, Msomali aliyekulia Nairobi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikusalimia. Alikuwa amepita nchi mbili za Ulaya kabla ya kufika pale na alizisema zote vibaya. Jogoo alipopata nguvu akaanza kuwika stooni, Mama Hodan ndiye wa kwanza kuja. Nilifungua mlango nusu.

"Wewe msichana," alisema, "hiyo jogoo ni yako?"

Nikajikausha. Akasema siku tatu alikuwa anadhani ni simu ya mtoto wake, amemgombeza bure. Kisha akaniambia kwamba tangu aondoke Nairobi hajawahi kuamshwa alfajiri na kitu chenye damu. Hakunisema kwa mama, naye mama akimsikia akiwika alidhani ni jogoo wa jirani. Aliniletea mabaki ya anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kwenye kifuniko cha sufuria, akawa anampitishia jogoo juu ya ua, na mara nyingine nilimsikia upande wa pili akimzungumzisha Kisomali. Ndiye aliyenieleza habari ya watu na mayai yao. Nilimsikiliza kwa heshima na sikumwamini hata kidogo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumpigia Koko. Mtandao wa kambini ulikuwa wa kubahatisha. Sauti yake ilikuja vipande vipande, katikati anakohoa, tunangoja, anaendelea. Mama akishamaliza alinipa simu akaenda kupika, na hapo ndipo nilipomweleza Koko kila kitu kwa kunong'ona: majogoo wanne, mbweha, theluji, mafuta ya mgando. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimuuliza mbona anawika stooni tu, nifanye nini awike mlangoni. Akaniuliza nimemfunga uzi? Sikuwa nimemfunga. Akanielekeza upya kana kwamba sijui, mizunguko saba, usikaze sana, fundo kwa ndani. Kila Jumamosi mchana nimsimamishe kizingitini, mahindi ya moto tumboni, nimwache.

"Mfunge asije akaliwa kabla sijafika," alisema. "Na nikichelewa, usimfungue."

Nilichomoa uzi kwenye kofia yangu nyekundu ya sufu, ile niliyopewa kanisani, nikamfunga jioni ile ile. Kofia ikaanza kufumuka kutoka pale na baridi yote iliyobaki nilitembea na tundu utosini. Mama alidhani nimeinasisha kwenye misumari shuleni, akanigombeza, nikapokea.

Kisha ikaja barua. Barua zote nyumbani kwetu nilisoma mimi, kwa sababu Kiingereza cha mama kilikuwa cha salamu na hesabu. Nilisoma za umeme, za shule, za hospitali, nikazigeuza Kiswahili huku amesimama na mikono ameifunga. Hii ilikuwa ya halmashauri. Ilisema kuna malalamiko ya kelele za jogoo, na kwamba tuna siku kumi na nne za kumwondoa, la sivyo watakuja wenyewe. Niliisoma mara mbili. Mama akauliza wanasemaje. Nikasema wanasema mapipa yetu ya taka ni machafu. Maskini mama, mtu aliyefagia vumbi la watu wiki nzima, Jumapili ile baada ya ibada alivaa glavu akayasugua mapipa yote mawili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ndani na nje, barabara nzima inamtazama. Nilisimama dirishani nikimwangalia, na nikapiga moyo konde. Siku kumi na nne zina Jumamosi mbili. Jogoo akiwika mlangoni kabla hawajaja kumchukua, Koko atakuwa njiani, na Koko akishafika barua haina kazi.

Jumamosi ya kwanza hakuwika. Nilimsimamisha pale saa nzima, akanya kizingitini, akarudi stooni mwenyewe. Koko naye hakupatikana kwenye simu. Mama alipiga na kupiga mpaka chajio kikaungua.

Jumamosi ya pili mama hakwenda kazini, alikuwa chumbani kwake juu amefunga mlango, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Theluji ilikuwa imeyeyuka, kila kitu kinadondoka maji. Nilimpa jogoo mahindi ya moto, nikazunguka naye mbele, nikafungua mlango, nikamweka kizingitini. Alitikisa manyoya. Akageuka, akautazama ukumbi wetu mtupu kwa jicho la kushoto, kisha la kulia, akanyoosha shingo akawika. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, uso ndani kabisa. Jamani, furaha niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, si siku ya kumaliza shule, si siku ya kupata pasipoti. Nilimrudisha stooni nikiruka. Niliporudi ndani mama alikuwa amesimama katikati ya ngazi, macho mekundu, kitenge amekifunga kiunoni juu ya suruali. Kisha akasema tufagie nyumba, wageni wanakuja.

Sikuuliza nani. Ningeulizaje kitu ninachokijua? Nilifagia sebule, ukumbi, ngazi, kizingiti, nikafagia mpaka kinjia cha nje chenye maji. Wamama wa kanisa wakaanza kufika, wale wale waliotupokea, na masufuria yale yale. Walitoa viti nje wakaingiza magodoro, wakayalaza sebuleni kama siku tuliyofika sisi. Picha ya Koko ikawekwa juu ya meza ndogo, nikafahamu kwamba ni kwa ajili ya wasiomjua, wasije wakakumbatia mtu mwingine. Kila aliyeingia alimkumbatia mama na kulia, na mama analia, lakini walilia siku ile ya uwanja wa ndege pia, ndiyo desturi yao mtu akifika. Misiba niliijua. Msiba ni moto uwanjani na wanaume wamelala nje, ni kelele zinazosikika mpaka kituo cha maji. Pale mama mmoja mnene alipoanza kupaza sauti, mwingine alimshika mkono akamnong'oneza kwamba majirani wataita polisi, naye akaziba mdomo kwa kitambaa. Wakawa wanalia kwa kuvuta pumzi tu. Mimi msiba wa kunong'ona sikuwahi kuuona.

Nyumba ilijaa, viatu vikafunika ukumbi wote. Nilikaa dirishani juu nikihesabu magari. Moja lilipunguza mwendo nikasimama. Likapita. Chini nikasikia wamama wanaulizana watu hawa watakula nini, nyama iko wapi, na hapo nikajua zamu yangu imefika.

Nilikwenda stooni nikamtoa. Nilimwosha miguu kwa maji ya moto, nikampaka mafuta kilembani mpaka anang'aa, nikauweka uzi vizuri. Nilipita jikoni, nikapita katikati ya viatu, nikaingia sebuleni nimemkumbatia. Mama alikuwa godoroni, mgongo ukutani, wamama kila upande.

"Mama," nilisema, "jogoo wa Koko huyu. Tumchinje sasa, au tungoje afike?"

Yule mnene aliniangalia akageuza uso. Mama hakuniangalia mimi. Alikuwa anatazama mguu wa jogoo. Alinyoosha mkono nikampa, akamweka mapajani, akaugusa uzi kwa kidole akaufuata mzunguko mmoja mmoja. Nilimwona anahesabu. Alipofika wa saba akapapasa kwa ndani akalikuta fundo.

"Nani alikufundisha kufunga ivi?"

"Koko. Kwenye simu."

Aliinamisha kichwa juu ya mgongo wa jogoo. Jogoo hakujitikisa. Mama mmoja akaanza kusema mtoto apelekwe juu, apewe chai, ataambiwa kesho, lakini mama aliinua mkono kumkataza.

"Koko hatakuya, mwanangu," alisema. "Amekufa. Leo alfajiri."

Nilikuwa na jibu. Aibu ya jibu lile bado ninayo, lakini nilikuwa na miaka tisa na mambo yote nilikuwa nimeyafanya sawasawa, uzi, mahindi, kizingiti, ufagio.

"Lakini amewika mlangoni," nikasema. "Mara tatu."

"Amewika," alisema mama. "Na wageni wamekuya. Angalia, nyumba imejaa."

Niliangalia. Ilikuwa imejaa kweli, watu mpaka kwenye ngazi, Mama Hodan amesimama mlangoni na chupa kubwa ya chai mkononi hajui aingie au arudi. Tangu tuhamie pale nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu, nyumba ile ijae watu, na sasa nilisimama katikati yao na sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia jogoo, nikamkasirikia Koko, nikamkasirikia yule mtu wa faili mwenye koti refu ambaye hakuwahi kuwapo.

Yule mama mnene, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alisema polepole kwamba kama ni jogoo wa wageni basi wageni ndio hawa, na akanyoosha mikono kumpokea apeleke jikoni. Mama alimvuta jogoo kifuani.

"Uyu ana mwenyewe," alisema.

Tukala maharage. Jioni wengi walipolala nilimweleza mama habari ya barua, na mapipa. Nilitarajia kofi. Alinitazama, bega likaanza kumtikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka, anacheka kwa kitambaa mdomoni ili asiamshe watu, na mwisho sikujua tena kama ni kicheko. Alinivuta nikalala naye godoroni, na asubuhi alinipaka mafuta usoni kama kawaida.

Mama Hodan ndiye aliyepata habari za mzungu mmoja nje ya mji anayepokea majogoo waliotupwa. Alitupeleka na gari lake siku moja kabla ya mwisho wa zile siku kumi na nne, mimi nyuma na boksi mapajani, mama mbele. Yule mzungu alikuwa mama mzee mwenye mabuti ya mpira, uwanja wake umejaa majogoo wa kila rangi wanaowika bila adabu, na hapakuwa na mlango wowote karibu yao. Alimpokea wetu, akamkagua macho, akakitazama kile kidole kilichokufa, akakitazama kilemba akauliza nani amempaka mafuta. Mama Hodan akanionyesha kwa kidevu. Kisha akauona uzi. Alidhani umemnasa mguuni, akatoa mkasi mfukoni.

Mama alimshika mkono. Alitafuta maneno, nikafungua mdomo nimsaidie kama kawaida yangu, akanikataza kwa jicho. Alimwambia mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha salamu na hesabu, kwamba jogoo huyu ni wa mama yake. Yule mzee alimtazama, akarudisha mkasi mfukoni, akamweka jogoo chini na uzi wake. Jogoo alisimama kidogo, akatikisa manyoya, akaenda zake kwa wenzake akichechemea.

Hatukurudi tena kule. Sijui aliishi miaka mingapi, wala sijui kama uzi ule ulioza ukadondoka wenyewe. Najua tu kwamba hakuliwa, maana mgeni wake hajafika, na mimi niliambiwa akichelewa nisimfungue.